Mkanda wa Susu

Siku tano susu alificha. Alijifunga leso mbili kifuani, akafungulia mbuzi, akachota maji, akapika muthokoi, na Jumapili akaenda kanisani akakaa ukingoni mwa benchi bila kuegemea. Siku ya sita nilimkuta nyuma ya jikoni ameteremsha nguo upande wa kushoto ili upepo umpige. Hakunisikia. Kuanzia mgongoni, kupita chini ya titi, hadi karibu na kitovu, malengelenge yalikuwa yamejipanga juu ya ngozi nyekundu kama alama ya waya wa moto. Aliponiona alivuta leso haraka, akasema kwa Kikamba, "Usiambie mtu."

Ilikuwa Agosti 2023, Kalama, kwenye hivi vilima vya kusini mwa mji wa Machakos. Nilikuwa nimerudi nyumbani "wiki moja tu," kama tunavyosema wote tulioacha chuo na bado tunalipia chumba Nairobi kwa kuandikia watu wa mbali makala za magodoro na bima ya magari. Sikuambia mtu. Niliita boda.

Kijana aliyetupokea zahanati, rika langu hivi, alitazama mara moja tu. "Mkanda wa jeshi." Akauliza ilianza lini. Susu akasema jana. Nikamwangalia. Akasema juzi. Nikazidi kumwangalia. "Alhamisi," akasema, na hiyo siku ilikuwa Jumanne. Kijana alishusha pumzi. Vidonge vya kuzuia kirusi, alitueleza, vinasaidia zaidi ukianza ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Aliandika hivyo hivyo, pamoja na dawa za maumivu, kisha akaniambia pembeni kwamba wazee wengi wa huku huja wakiwa wamechelewa.

Nieleze kidogo, kwa sababu hadi siku ile mimi mwenyewe nilijua jina tu. Kirusi cha mkanda wa jeshi ni kilekile cha tetekuwanga. Unaugua utotoni, unajikuna, unapona, unasahau. Chenyewe hakiondoki. Kinajificha kwenye mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo na kulala huko miaka hamsini, sitini. Kinga ya mwili ikishuka, kwa umri au kwa ugonjwa, kinaamka na kufuata neva moja hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana mkanda hushika upande mmoja. Jirani mmoja alimwambia susu kwamba ncha mbili zikikutana mbele na nyuma mtu anakufa, na susu akawa anajipima kila asubuhi kwa vidole. Kwa kawaida hazikutani, maana neva ya kushoto haivuki kwenda kulia. Marekani wanakadiria kwamba mtu mmoja kati ya watatu atapata mkanda maishani mwake. Wengi hupona kwa wiki chache. Lakini wako ambao malengelenge yanakauka na maumivu yanabaki, kwa sababu neva yenyewe imejeruhiwa, na hao mara nyingi ni wazee.

Susu yumo kwenye kundi hilo. Sasa ni zaidi ya miaka miwili. Nguo ikimgusa ubavu anashtuka. Mtoto akimkimbilia amkumbatie, ananyoosha mkono mbele kama polisi wa trafiki. Analala nusu ameketi, ameegemeza bega la kulia kwenye gunia la mahindi, na usiku nikiwa nyumbani namsikia akiomba, halafu akinyamaza, halafu akiomba tena.

Na haumuui. Hilo ndilo tatizo. Ungekuwa unamuua tungeshachanga. Hapa kwetu kifo kina kamati: kina mwenyekiti, mweka hazina, kikundi cha WhatsApp, hema, viti vya kukodisha na lori la kubeba waombolezaji. Maumivu yanayomnyima mtu usingizi tu hayana hata katibu. Yana "pole susu, ni uzee."

Kwa nini alificha? Nilimuuliza baadaye sana, na jibu lilikuwa mjomba wangu ambaye sikuwahi kumwona. Kifungua mimba wake. Miaka ya tisini mwishoni alirudi kutoka Mombasa na mkanda kama huo kifuani, na kabla haujapona kijiji kizima kilikuwa kimeshajua "ana ile kitu." Wakati ule mkanda wa jeshi ulisomwa kama hukumu. Serikali yenyewe ilichukua hadi Novemba 1999 kutangaza ukimwi kuwa janga la taifa, na kufikia hapo mjomba alikuwa ameshazikwa. Watu hawakuwa wamekosea kabisa: hadi leo mkanda umo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dalili za virusi vya ukimwi, hatua ya pili. Ila mwili wa mwanamke wa miaka karibu themanini unaweza kushusha kinga kwa sababu ya umri tu. Susu hakujua hilo. Alijua alichoona kwa mwanawe. Akafunga leso ya pili juu ya ya kwanza, na aibu ya miaka ishirini na tano ikala zile saa 72.

Mwezi wa tatu mwaka 2025 anti yangu alinipigia kutoka Lowell, Massachusetts, mji ambao Wakenya wamejaa hadi unaweza kupata chapati ya jirani. Kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani. Siku hiyo alikuwa amempeleka mzee wake wa miaka 81 kwenye duka la dawa kupata dozi ya pili ya chanjo ya mkanda wa jeshi. Ilichukua dakika kumi. Mzee hakulipa kitu, kwa sababu tangu Januari 2023 Wamarekani walio kwenye bima ya serikali ya wazee hawalipii chanjo hiyo. Anti alimrudisha nyumbani, akamtengenezea chai, kisha akaenda kukaa ndani ya gari na kunipigia mimi.

"Nimetoka kumchanjisha mzee wa watu," akasema. Nikasikia anapenga kamasi. "Mama yangu amechanjwa nini?"

BCG pia hapana, nilitaka kusema, enzi zile hakukuwa na kadi. Lakini haikuwa siku ya utani.

Chanjo hiyo inaitwa Shingrix. Iliidhinishwa Marekani Oktoba 2017 kwa watu wa miaka 50 na zaidi. Ni dozi mbili, zikipishana miezi miwili hadi sita. Kwenye majaribio ilizuia zaidi ya visa tisa kati ya kumi, na hata kwa waliopita miaka 70 ilikaribia hapo hapo. Aliyewahi kuugua mkanda pia anashauriwa kuchanjwa, kwa sababu unaweza kurudi. Haitibu maumivu yaliyokwisha kubaki. Nataka hilo lieleweke mapema kwa sababu mjomba wangu aliyebaki alilishika kama kamba.

Kwetu, mpango wa chanjo wa taifa ulianza 1980 na ratiba yake hadi leo ni ya watoto, kina mama wajawazito na, tangu 2019, wasichana wa chanjo ya HPV. Chanjo ya mkanda haimo. Kwa bei ya Marekani dozi moja ni kama dola 200. Dozi mbili ni dola 400, yaani zaidi ya shilingi 51,000 kabla hujalipa nauli. Susu hupata pesa za Inua Jamii, zile za waliofikisha miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi zikija. Piga hesabu: ni karibu miezi 26 ya pesa za uzee, bila kununua hata chumvi.

Anti aliamua kutuma 52,000. Alinitumia mimi, "kwa sababu wewe ndiye uko karibu," na kutafuta ilipo na jinsi ya kuipata ikawa kazi yangu. Halafu akafanya kosa la kutangaza kwenye kikundi cha familia.

Mjomba aliandika baada ya saa moja. Si mtu mbaya, niseme hivyo. Ndiye anayelipa stima ya susu. Aliandika kwamba mama ana karibu miaka themanini, kwamba sindano hiyo haitaondoa maumivu aliyonayo, kwamba kijana wake yuko kidato cha tatu na ana deni la karo, na kwamba mwenye akili akipewa 52,000 hapa Kalama anajua pa kuzipeleka. Binamu wawili wakaweka dole gumba. Kisha susu mwenyewe, ambaye hutumia simu ya jirani, akatuma sauti ya sekunde kumi na moja: "Mimi nimeishi. Lipeni karo ya mtoto."

Kikundi kikanyamaza. Ikaonekana jambo limeisha.

Nilisoma falsafa miaka miwili na nusu kabla ya kuondoka kampasi. Digrii sikupata lakini hoja nilibaki nazo. Hakuna mtu aliyezidai pamoja na kadi ya maktaba. Na hoja ya mjomba niliijua kwa jina. Wanafalsafa wa Uingereza huifananisha na kriketi: kila mchezaji anastahili zamu yake na gongo, na maisha pia yana zamu ya haki, tuseme miaka sabini. Aliyekwisha pata zamu hiyo asishindane na ambaye bado. Alan Williams, mwanauchumi wa afya, aliitetea kwa nguvu mwaka 1997. Mimi niliiandikia insha na kupata alama nzuri, na bado naona ina ukweli. Mtoto wa miaka miwili na bibi wa miaka themanini wakigombea mashine moja ya oksijeni, najua nani apewe, na susu angeichomoa yake mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 2025 chanjo za BCG na polio zilikosekana nchini. Kina mama walizunguka na watoto mgongoni kutoka kituo kimoja hadi kingine. Kama ningekuwa waziri nimebaki na shilingi moja, ningeinunulia BCG na kulala vizuri. Sina ubishi hapo.

Lakini 52,000 za anti hazikuwa zinaenda BCG. Na hoja ya zamu inahesabu miaka. Haisemi lolote kuhusu mtu aliyemaliza zamu na bado yuko uwanjani. Kwenye kriketi ukitoka unaenda kukaa kivulini, unapewa maji. Susu hajatoka. Anachota maji ya wengine, na sasa anayachota akiwa na moto ubavuni. Hakuna aliyekuwa anaomba aongezewe miaka. Tulikuwa tunazungumzia ile iliyobaki, kama ataimaliza akilala au ameegemea gunia.

"Lakini mwenyewe hataki." Hiyo ndiyo iliyonisumbua zaidi. Tulimtii upesi mno. Mwaka uliopita aliposema tusikate mwembe wa marehemu babu, tulifanya vikao vitatu na bado ukakatwa, mbao zikauzwa. Aliposema hataki choo kihamishwe, kikahamishwa. Neno lake huwa ni maoni tu. Ila siku aliyosema tusimtumie pesa, likawa sheria, na tukaliita heshima. Huyu ni mwanamke aliyekula mwisho kila siku tangu aolewe. Akisema "mpeni mtoto," anasema kitu ambacho mdomo wake umekuwa ukisema bila kumuuliza mwenyewe kwa miaka sitini. Sijui kama hilo ni jibu au ni mazoea, na wakati ule hakuna kati yetu aliyetaka kujua, kwa sababu mazoea yake yamekuwa faida kwetu sote.

Nilikaa na swali hili wiki kadhaa, nikiandika magodoro. Kisha nikakumbuka Covid.

Machi 2021 chanjo ilipofika Kenya, haikupita muda wazee wa miaka 58 na zaidi wakawekwa mbele ya foleni. Susu alichanjwa bila kulipa ndururu. Chifu alitangaza, mchungaji akatangaza, mimi mwenyewe nikampeleka. Hakuna aliyesema ameishi vya kutosha. Kumbe serikali inaweza kumtafuta bibi wa Kalama hadi kwenye kilima chake na kumdunga bure! Nini kilikuwa tofauti? Nafikiri ni hiki: susu akiugua Covid alikuwa hatari kwetu. Angetuambukiza, angejaza wodi, angefanya mikahawa ifungwe. Tulipomlinda tulikuwa tunajilinda.

Mkanda wa jeshi haufanyi hivyo. Anayechanjwa anajilinda yeye, basi. Maumivu ya susu hayarushwi kwa chafya, hayafungi shule wala hayashushi shilingi. Yanakaa ndani ya ubavu mmoja wa mtu mmoja. Kwa hiyo chanjo hii inauliza swali ambalo chanjo nyingine hutuepusha nalo. Ukiondoa faida yetu yote, kabisa, je, maumivu ya mzee yana uzito wowote? Nimejaribu kulijibu swali hilo kwa ndiyo ya haraka, ile ya kanisani, na kila mara nakumbuka kwamba kikundi cha familia kilinyamaza, na mimi nikiwemo.

Halafu nikapewa njia ya mkato.

Aprili 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti kutoka Wales. Mwaka 2013, Wales walipoanza kuchanja wazee dhidi ya mkanda, waliweka mpaka kwa tarehe ya kuzaliwa. Aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1933 au baadaye angeweza kuchanjwa. Aliyezaliwa siku chache kabla, hapana, maisha yake yote, kwa sababu chanjo ya wakati ule ilionekana kufanya kazi kidogo kwa waliopita miaka 80. Yaani majirani wawili waliopishana wiki moja, mmoja ndani, mwingine nje. Watafiti wakalinganisha pande mbili za mpaka huo kwa miaka saba. Waliochanjwa walipata dimenshia, ule ugonjwa wa kusahau, kwa kiasi cha moja ya tano chini ya wenzao.

(Nilicheka kidogo nikifikiria mpaka huo ukiletwa Kalama. Kitambulisho cha susu kina mwaka tu, na mwaka wenyewe alikadiriwa na karani aliyetazama meno. Yeye huhesabu kwa njaa. Wakati wa Ndeke, njaa ya 1961 ambayo chakula kilidondoshwa na ndege, alikuwa tayari anabeba maji mtungi mzima. Hiyo ndiyo tarehe yake ya kuzaliwa. Wales wangemfungia nje kwa kukosa karatasi.)

Nilituma habari hiyo kwenye kikundi. Niliiandika vizuri, hiyo ndiyo kazi yangu. Nikaeleza dimenshia ni nini, nani atakayemwogesha mama, nani atakayeacha kazi kumfuata akipotea njia ya Kola saa nane usiku. Mjomba alijibu baada ya dakika tano: "Sasa hiyo ni maneno. Mchanjeni."

Nilishinda. Na nikaona aibu ambayo bado sijaimaliza. Kwanza, sikuandika kwamba utafiti wa Wales ulihusu chanjo ya zamani, tofauti na hii tunayotaka kumpa susu. Nilijua, nikaacha. Pili, na hii ndiyo inayoniuma, nilimfanya susu awe hatari kwetu tena ili astahili sindano. Miaka miwili ya kutolala haikutosha kumsogeza mtu. Wazo la kumbadilisha nguo likatosha kwa dakika tano.

Labda nijitetee kidogo: mjomba alikuwa sahihi kwamba pesa ni chache, na hoja inayofanya kazi ni bora kuliko hoja safi inayobaki kwenye simu. Rafiki yangu mmoja, mwanasheria, anasema niache kujitesa, mama atachanjwa, nini tena. Sikubaliani naye kabisa. Nikimzoesha mjomba kwamba mama analindwa kwa sababu ya usumbufu anaoweza kutuletea, siku akipatwa na kitu kisichotusumbua nitaenda kwake na nini?

John Mbiti, Mkamba mwenzetu wa Mulango kule Kitui, aliandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika wa jadi anaishi kwenye nyakati mbili, na akazipa majina ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Wakati ujao mrefu, alisema, karibu haupo. Mtu anavyozeeka anasogea kuelekea Zamani. Wengi wamembishia na nilikuwa mmoja wao kwenye semina, kwa kelele nyingi. Siku hizi namfikiria tofauti. Kirusi hiki kinaishi kwenye Zamani ya mtu halisi, kwenye homa ya utotoni ambayo hata mama yake aliisahau, kisha kinapanda hadi Sasa. Na chanjo ni kununua wakati ujao. Swali la mjomba, ukilivua nguo, lilikuwa kama susu bado ana wakati ujao wa kununuliwa kitu.

Nitajibu kwa mashamba. Ukisimama mlangoni kwa susu unaona matuta ya fanya juu yakishuka kilima ngazi kwa ngazi. Aliyachimba na kikundi cha mwethya, wanawake ishirini na majembe na nyimbo, shamba hadi shamba, mara nyingi akiwa na mimba au na mtoto mgongoni. Matuta ya Machakos yaliandikiwa hadi kitabu, mwaka 1994, watafiti wakishangaa jinsi watu walivyoongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930 na bado ardhi ikapona. Wanawake wale walikuwa wanachimbia watu ambao hawajazaliwa. Mimi ni mmoja wa watu hao. Mtu aliyefanya hivyo usimwambie hana habari na kesho.

Na kuna ng'ombe. Nimemchelewesha makusudi. Mwaka 2019 susu aliuza ng'ombe wake wa pekee wa maziwa, shilingi 65,000, kulipa karo yangu. Hakuna aliyeitisha kikao. Hakuna aliyeuliza kama mimi ni uwekezaji wa maana, na sikuwa, maana muhula uliofuata niliondoka chuo na sikurudi. Mjomba aliwahi kuandika kwenye kikundi, akiwa na hasira za jambo lingine, kwamba kuna watu humu walikula ng'ombe mzima na hawakuleta hata gauni. Kila mtu alijua ni nani. Kwa hiyo ninapomtetea susu, msomaji, usiniamini moja kwa moja. Inawezekana natafuta tu kurudisha ng'ombe kwa njia ya sindano. Nimeuliza kama mtu anaweza kumtendea mwenzake jema kwa ajili ya huyo mwenzake tu, na mimi ni mtu wa mwisho wa kuaminika kujibu.

Deni la binamu nimelichukua mimi, kiasi. Nimehesabu: ni kama makala arobaini za magodoro. Sikusema kwenye kikundi. Nilimwambia mjomba kwa simu, akanyamaza, akasema "sawa," kisha akauliza kama ile ya kusahau inaanza na dalili gani. Hapo ndipo nilipomwambia ukweli kuhusu Wales, kwamba ni chanjo nyingine. Nilisubiri abadilishe mawazo. Alisema tu, "Wewe nawe," akakata.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Kalama. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, kilima chote kinanuka udongo. Susu alikuwa anachambua kunde kwenye uteo, leso imelegezwa upande wa kushoto. Nilikaa kulia kwake, upande unaokubali watu. Sikumuuliza kama anataka sindano, maana swali hilo ana jibu lake tayari.

"Susu," nikasema, "tuseme karo imelipwa yote. Tuseme hakuna mtoto anayedai kitu, wala hakuna anayeumwa, wala hakuna wa kuzikwa. Halafu pesa zimebaki, na ni zako. Ungetaka?"

Aliendelea kuchambua. Boda ilipita chini barabarani, mlio ukapotea kuelekea Kola. Alitoa jiwe dogo kwenye kunde, akalitazama, akalitupa kwa kuku.

"Hiyo sindano," akasema, "inauma?"

Safari hii nilisema ukweli wote. "Inauma, susu. Mkono utavimba, unaweza hata kupata homa. Siku mbili, labda tatu."

Aliweka uteo chini.

"Siku mbili?" akasema, akaanza kucheka, taratibu, huku ameishika leso kwa vidole viwili isimguse ubavu.